Moto wa Radi na Watu Wanaotumwa Kuuzima

Tarehe 4 Agosti, mwaka wa 1949, dhoruba ya radi ilipita juu ya milima iliyo kando ya mto Missouri, katika jimbo la Montana huko Marekani. Radi ikawasha moto msituni. Kesho yake moshi ulionekana ukipanda kutoka korongo liitwalo Mann Gulch, mahali pasipo barabara wala shamba wala nyumba ya mtu.

Alasiri ile eropleni ya Idara ya Misitu iliondoka mji wa Missoula ikiwa na vijana 16 waliofunzwa kuruka kwa miavuli na kushuka karibu na moto ambao gari haliwezi kuufikia. Kazi hiyo ilikuwa imeanza mwaka wa 1940, na kwa miaka tisa hapana hata mmoja wao aliyekuwa ameuawa na moto. Siku hiyo upepo wa juu ulikuwa mkali, hata kijana mmoja akashikwa na kichefuchefu, akarudi na eropleni. Wengine 15 wakaruka. Mwavuli uliobeba simu ya upepo haukufunguka, na simu ikavunjika vipande vipande. Chini walikutana na mlinzi wa msitu, Jim Harrison, aliyekuwa akipambana na moto ule peke yake kwa muda wa saa nyingi. Yeye naye alikuwa mrukaji mwaka uliotangulia, akaiacha kazi ile kwa sababu ya hatari yake. Basi wakawa watu 16.

Moto ulikuwa ng'ambo ya pili ya korongo, kati ya miti, nao ulikuwa mkubwa wa ekari 60 hivi. Watu wale walikuwa wamezima mioto mingi ya namna ile, wala hawakuuogopa. Lakini nyapara wao, Bwana Wagner Dodge, alipousogelea na kuutazama hakupendezwa nao. Akaamuru watu wateremke kuelekea mtoni, ili wawe na maji nyuma yao. Shauri hilo lilikuwa jema. Hakujua, wala hakuna aliyeweza kumwambia, kwamba moto ulikuwa umekwisha kuvuka mdomo wa korongo na kuiziba njia ya mtoni. Alipouona mbele yake aliwageuza watu wake, wakaanza kupanda mlima.

Hapa yafaa msomaji aelewe jambo moja juu ya tabia ya moto. Moto hauchoki mlimani kama mtu. Unapopanda, ndimi zake hulala juu ya majani yaliyo mbele yake na kuyakausha kabla ya kuyafikia, hivyo kadiri mlima ulivyo mkali ndivyo moto unavyozidi mbio, hali mtu huzidi kupungua nguvu. Tena, moto wa msituni ni mzito na wa polepole ukilinganishwa na moto wa nyasi. Upande ule waliokuwa wakipanda vijana hao ulikuwa wa nyasi ndefu zilizokauka kabisa, na katika mji wa Helena ulio karibu joto la siku hiyo lilifika digrii 97 za Farenhaiti. Upepo nao ulivuma kutoka chini, ukiusukuma moto juu.

Bwana Dodge akawaamuru watupe mashoka na majembe yao. Kisha alifanya jambo ambalo wenzake hawakupata kuliona. Alisimama, akatoa kibiriti, akawasha nyasi zilizokuwa mbele yake! Moto wake mdogo ukapanda mlima na kuacha nyuma yake mahali peusi pasipo kitu cha kuungua. Akaingia ndani ya majivu yale, akawapungia mkono na kuwaita wamfuate. Hakuna aliyemfuata. Labda wengine hawakumsikia kwa kishindo cha moto. Labda wengine walidhani nyapara wao amerukwa na akili. Mchungaji wa nyika aliyepata kuchoma nyasi mbele ya boma lake, ili moto mkubwa ufikapo ukose chakula, angalimwelewa mara moja. Lakini vijana wale hawakuwa wamefundishwa hivyo, na huo haukuwa wakati wa kufundishwa.

Dodge alilala kifudifudi katika majivu, na moto mkubwa ukampita huku na huku. Alinyanyuka mzima. Vijana wawili, Robert Sallee na Walter Rumsey, walifika kileleni wakapenya katika ufa wa mwamba, nao wakapona. Wengine 13 wakafa, wawili kati yao kesho yake hospitalini. Saa ya mkononi ya Harrison ilikutwa imesimama saa 11 na dakika 56. Tangu waliporuka kutoka katika eropleni hazikuwa zimetimia saa mbili.

KWA NINI WALITUMWA

Mtu akiisoma habari hiyo atauliza: moto uliokuwa ukiunguza korongo lisilokaliwa na mtu, ulikuwa na haja gani ya kurukiwa na vijana kutoka angani? Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo katika mambo ya miaka ya nyuma.

Idara ya Misitu ya Marekani iliundwa mwaka wa 1905. Miaka mitano baadaye, tarehe 20 na 21 Agosti, 1910, upepo mkali uliunganisha mioto mingi midogo katika majimbo ya Idaho na Montana, na katika siku mbili ekari zipatazo milioni tatu zikateketea. Wazima moto wasiopungua 78 waliangamia. Nyapara mmoja, Edward Pulaski, aliwaingiza watu wake katika shimo la mgodi wa zamani, akasimama mlangoni na bastola mkononi ili asitoke mtu. Karibu wote wakapona. Hata leo chombo cha wazima moto wa Marekani, chenye shoka upande mmoja na jembe upande wa pili, huitwa kwa jina lake.

Msiba huo uliwatia wakubwa wa Idara chuki ya kila moto. Mwaka wa 1935 wakatoa amri kwamba moto wowote, uwe mkubwa au mdogo, uwe karibu na mji au katikati ya pori, lazima uwe umezuiliwa kabla ya saa 4 asubuhi ya siku inayofuata ile ulipoarifiwa. Amri hiyo ni nyepesi kuandika katika afisi. Kule mlimani maana yake ilikuwa kwamba hapana wa kuuliza kama moto huu wastahili kushindaniwa, bali swali pekee ni upesi gani watu watafika. Vijana wa Mann Gulch walikuwa watoto wa amri ile.

Moto wa radi una tabia zake pekee. Watu ndio huwasha mioto mingi zaidi, kwa sigara, kwa takataka, kwa mapiko ya kambini, na mioto hiyo huwa karibu na barabara. Radi haina barabara. Hupiga kwenye vilele na miteremko ambako mtu hufika kwa taabu, na dhoruba moja yaweza kuwasha mioto mingi kwa usiku mmoja. Katika nchi kavu za magharibi ya Marekani mara nyingi mvua ya dhoruba huyeyuka angani kabla ya kufika chini, basi radi hupiga nchi iliyo kavu kama tumbaku. Tena mti uliopigwa waweza kuficha moto ndani ya shina au mizizi kwa siku kadhaa, watu wakadhani mambo yamekwisha, kisha jua na upepo vikauamsha.

Baada ya Mann Gulch wataalamu walianza kuuchunguza moto kama daktari anavyochunguza maradhi. Mmoja wao, Bwana Harry Gisborne, aliyekuwa na moyo mgonjwa, alikwenda mwenyewe kulitazama korongo lile mwezi wa Novemba 1949, akafia huko huko siku ile. Mwaka wa 1957, baada ya vifo vingine katika jimbo la California, zilitungwa amri 10 ambazo kila mzima moto hujifunza kwa moyo: ujue hali ya hewa, ujue moto unafanya nini wakati huu, uweke mlinzi wa kuutazama, ujue njia ya kukimbilia, na nyinginezo.

MOTO ULIOACHWA UWAKE

Jambo lingine lilitambuliwa polepole zaidi. Wataalamu wa miti waliona kwamba misitu mingi ya Marekani ilizaliwa na moto na yauhitaji. Iko misonobari ambayo mbegu zake zimefungwa kwa utomvu mgumu, wala hazifunguki mpaka joto la moto liziyeyushe. Kuzima kila moto kwa muda wa miaka mingi kulikuwa kumerundika kuni chini ya miti, hata moto uliofuata ukawa mbaya kuliko ule uliozimwa. Basi mwaka wa 1968, katika mbuga za Sequoia na Kings Canyon, wakubwa waliruhusu baadhi ya mioto ya radi iwake huko juu milimani, huku ikilindwa. Mbuga ya Yellowstone ikafanya hivyo mwaka wa 1972, na mwaka wa 1978 Idara ya Misitu ikaiacha kabisa amri ya saa 4 asubuhi.

Jaribio kubwa lilikuja mwaka wa 1988. Ukame ulikuwa mkali, na katika Yellowstone ekari karibu 794,000 zikaguswa na moto, zaidi kidogo ya theluthi ya mbuga nzima. Wazima moto wapatao 25,000 walipokezana huko, lakini kilichoivunja nguvu ya moto ni theluji iliyoanguka tarehe 11 Septemba. Watu walipiga makelele wakisema serikali imeacha mali ya taifa iteketee. Katika makelele hayo wengi walisahau kwamba moto mmoja mkubwa kuliko yote haukuwashwa na radi bali na sigara ya mkata kuni, nao ulipigwa vita tangu siku ya kwanza. Kwa siku za ukame namna ile, kuacha na kuzima vyote viwili vilikuwa na matokeo yaliyofanana. Leo miche iliyoota mwaka uliofuata ni msitu.

MAMBO MANNE

Mzima moto mmoja mzoefu, Paul Gleason, aliona kwamba mtu aliye katika moshi na hofu hawezi kukumbuka amri 10 zote. Mwaka wa 1991 aliandika kwamba yako mambo manne ambayo kikosi kisianze kazi bila kuwa nayo: mlinzi anayeuona moto na watu wote wawili; njia ya kupashana habari; njia za kukimbilia, zaidi ya moja; na mahali pa usalama ambapo mtu akifika hahitaji tena kukimbia. Mambo haya hushikana kama mafiga. Mlinzi asiye na simu ya upepo ni mtazamaji tu, na njia ya kukimbilia isiyofika mahali pa usalama ni njia ya kuchelewesha kifo.

Miaka mingi haikupita tangu Bwana Gleason aandike hayo ila onyo lake likathibitishwa kwa namna ya kutisha. Tarehe 2 Julai, 1994, radi ilipiga mlima Storm King karibu na mji wa Glenwood Springs, jimbo la Colorado. Moto ule ulikuwa wa ekari chache tu, na siku za kwanza haukupewa watu kwa sababu mioto mingine ilikuwa mingi. Tarehe 6 Julai vikosi vilikuwa vikikata ukanda kwenye mteremko, vikitoka juu kwenda chini, katikati ya vichaka vizito vilivyowazuia kuuona moto ulio chini yao. Watabiri wa hali ya hewa walikuwa wametoa onyo kwamba upepo mkali unakuja alasiri ile, lakini onyo hilo halikuwafikia wale waliokuwa mlimani. Upepo ulipokuja, moto ulipanda kuliko mwanadamu awezavyo kukimbia. Watu 14 wakafa, wanaume 10 na wanawake 4. Tume iliyochunguza iliona kwamba amri 8 kati ya zile 10 hazikufuatwa sawasawa.

Mwaka uliofuata, 1995, serikali ya Marekani ilitangaza siasa mpya ya moto, na sharti lake la kwanza ni kwamba usalama wa wazima moto na wa raia hutangulia kila jambo. Maneno hayo yaweza kuonekana ya kawaida. Yalikuwa mageuzi makubwa, maana kwa miaka mingi kilichotangulia kilikuwa mti.

Sasa moto wa radi ukionekana mbali msituni, afisa hukaa na ramani kabla ya kutuma watu. Hutafuta mahali ambapo moto unaweza kusimamishwa bila kuwaweka watu juu yake: mto, barabara, mgongo wa mwamba, au eneo lililoungua miaka michache iliyopita na bado halina kuni za kutosha. Huzunguka hapo kalamu. Watu hutengeneza ukanda kwenye mipaka hiyo, pengine maili kadhaa kutoka kwa moto wenyewe, na siku upepo unapotulia huchoma wao wenyewe majani yaliyo kati ya ukanda na moto. Ni lile lile la Bwana Dodge, ila hufanywa mapema na kwa utaratibu. Huwekwa pia alama: moto ukivuka kilima fulani, au kijito fulani, kila mtu aondoke bila kungoja kuambiwa mara ya pili. Na mzima moto aliyeona kazi aliyopewa ni ya hatari isiyo na kinga anayo ruhusa ya kuikataa, mradi aeleze sababu na kutaja njia nyingine iliyo salama zaidi. Nyapara wa zamani angecheka kusikia hivyo, lakini nadhani hakuna mabadiliko yaliyo bora kuliko hilo.

Radi yenyewe nayo haisahauliwi. Dhoruba inaporudi, wazima moto hushuka kutoka vileleni, huacha vyombo vya chuma mbali, hawakai chini ya mti mrefu uliojitenga, tena hawakusanyiki pamoja bali huketi mbali mbali, ili radi moja isiwapige wote. Wasomaji wetu wa Kisii na Kakamega, ambako radi huua watu na ng'ombe mara kwa mara, hawatashangaa kusikia hayo. Hatari nyingine ni miti iliyokufa, ambayo moto huila miguu yake na ikaanguka bila kelele siku kadhaa baadaye. Kwa sababu hiyo afisa mwenye busara hawatii watu katika msitu wa miti mikavu ili kuokoa msitu wa miti mikavu.

LAWAMA ZA PANDE ZOTE

Isidhaniwe kwamba njia hii haina gharama. Tarehe 4 Julai, 2021, radi iliwasha mti mmoja katika milima ya California, mahali penye majabali. Idara ya Misitu iliona ni hatari kuwapeleka watu huko kwa moto mdogo uliozungukwa na mawe, ikaulinda kwa macho. Siku 12 zikapita. Kisha upepo ukauchukua, mji mdogo wa Markleeville ukahamishwa, nyumba zikaungua, na mwisho wake zaidi ya ekari 68,000 zikawa majivu mpaka ndani ya jimbo la Nevada. Waliopoteza nyumba waliuliza kwa nini moto ule haukuzimwa ulipokuwa mti mmoja. Mwezi uliofuata mkubwa wa Idara aliagiza kwamba kwa wakati ule wa ukame mioto ya radi isiachwe tena iwake kwa ajili ya kuusaidia msitu. Mwaka wa 2025 moto mwingine wa radi, uliokuwa umezungushiwa mipaka kwanza, uliteketeza hoteli ya zamani iliyo upande wa kaskazini wa Grand Canyon.

Mwenye nyumba iliyoungua ana haki ya kuuliza. Lakini afisa aliyesimama na ramani siku ya kwanza hana macho ya kuona siku ya kumi na mbili. Anachokijua ni mteremko, ukavu wa majani, utabiri wa upepo, na idadi ya watu alio nao. Akikosea upande mmoja huungua nyumba, ambazo watu wake wameweza kuhamishwa. Akikosea upande wa pili huletwa maiti.

Upande huo wa pili ulionekana tena Arizona. Radi ilipiga karibu na mji wa Yarnell tarehe 28 Juni, 2013. Siku mbili baadaye kikosi cha watu 20 kilikuwa juu ya mlima, na pale walipokuwa palikuwa pamekwisha kuungua, yaani palikuwa salama. Mmoja alikuwa mbali akifanya kazi ya mlinzi. Wale wengine 19 waliondoka mahali pao peusi na kuteremka katika bonde la vichaka wakielekea upande wa mji. Dhoruba iliyokuwa ikikaribia ikaugeuza upepo, na moto ukawafungia mdomo wa bonde. Kila mmoja alikuwa na hema dogo la karatasi ya aluminiamu, ambalo mtu hujifunika akilala chini. Hema hilo hurudisha joto lakini haliwezi kustahimili ndimi za moto zenyewe. Wote 19 walikufa. Aliyenusurika ni yule mlinzi.

Katika mteremko wa Mann Gulch ziko alama 13, kila moja ikisimama pale alipoangukia mtu wake. Wazima moto wanaofundishwa kazi hupelekwa huko kwa mashua kupitia mto Missouri, kisha hupanda kwa miguu wakiifuata njia ya wale vijana. Husimama mahali pale Bwana Dodge alipotoa kibiriti chake, na kuulizana kila mmoja kama angalimfuata.